Jino la Kupandikizwa: Je, Mfupa Utalishika?



Huku pembezoni mwa Dar es Salaam, Temeke na Kinondoni, bodaboda ni nyingi na ajali zake ni nyingi. Mmoja huvunjika mguu, mwingine hupoteza meno ya mbele. Kijana aliyepotewa na meno ya mbele huona haya kucheka, huona haya kusimama na wanakwaya wenzake, na pengine huona haya hata kwenda kuposa. Ndipo hupiga simu kijijini: “Shikamoo baba. Nimeambiwa naweza kupandikizwa meno yasiyotoka, ila gharama yake ni kubwa. Naomba mnisaidie.” Baba na mama huketi wakaulizana. Je, tuuze ng'ombe? Je, kweli mfupa wa mtu waweza kushika chuma? Na huo mpako unaosifiwa, unaosemwa kwamba unauita mfupa usogee, ni kweli au ni maneno ya wauzaji?

Maswali hayo ni ya haki. Huulizwa hata katika ofisi ya parokia, ambako watu hufika kwa mambo ya ndoa na ubatizo wakaishia kuuliza habari za hospitali. Yafaa kila familia ijue majibu yake, kwa sababu asiyejua hutoa fedha mahali pasipostahili, au huzizuia mahali panapostahili.

JINO HILO NI KITU GANI?

Mtu aliyepotewa na jino ana njia tatu. Ya kwanza ni meno ya bandia ya kuvaa, yanayotolewa usiku na kuoshwa. Ya pili ni daraja, yaani jino la bandia linalogandishwa kwenye meno ya jirani, ambayo kwa kawaida huchongwa kwanza. Ya tatu ni hii ya kupandikiza. Daktari hutoboa tundu katika mfupa wa taya, akakaza humo skrubu ndogo ya titani, urefu wake sentimeta 1 hivi, unene wake milimeta 4 hivi. Skrubu hiyo ndiyo mzizi wa bandia. Mfupa ukishaishika, jino la kauri huwekwa juu yake.

Titani si kitu kigeni kwetu. Hutoka katika mchanga mweusi mzito wa pwani. Huko Kwale, Kenya, mchanga huo ulichimbwa tangu mwaka 2013 hadi 2024, na hapa Dar es Salaam, huko Fungoni upande wa Kigamboni, wataalamu wa madini wameukuta pia. Sehemu kubwa ya titani ya dunia hutengenezewa rangi nyeupe ya kupaka nyumba. Sehemu ndogo hufanywa chuma, nacho ni chepesi, kigumu, tena hakiliwi na kutu. Kikiguswa na hewa, mara moja hujivika ngozi nyembamba sana isiyoonekana kwa macho, na ngozi hiyo hukilinda. Kwa hiyo mfupa haukutani na chuma kitupu, bali hukutana na ngozi ile.

MFUPA SI JIWE

Wengi wetu tumezoea kuona mifupa ya ng'ombe iliyotupwa, mikavu na myeupe, tukadhani mfupa ni kama jiwe. Sivyo. Mfupa ulio mwilini una damu, una mishipa, una uhai.

Wazazi, fanyeni jaribio hili pamoja na watoto. Chukueni mifupa miwili ya mguu wa kuku. Mmoja utieni katika chupa ya siki kwa muda wa juma moja, mkibadili siki mara moja au mbili. Siki itayeyusha madini, na mfupa utabaki laini, utapindika kama mpira. Wa pili uchomeni motoni mpaka uwe mweupe. Moto utaunguza nyuzi zake, yatabaki madini matupu, na mfupa utavunjika vidoleni kama chaki. Basi mfupa ni vitu viwili vilivyoungana: nyuzi zinazouzuia usikatike ovyo, na madini yanayoupa ugumu. Ni kama zege lenye nondo ndani yake. Madini hayo ni ya kalsiamu na fosfati, na wataalamu huyaita haidroksiapatiti. Jina ni refu, lakini lishikeni, maana tutalikuta tena.

Ndani ya mfupa wamo wafanyakazi wa namna mbili. Ziko chembe hai zinazojenga mfupa mpya, na ziko chembe hai zinazobomoa mfupa wa zamani. Kazi yao haikomi tangu utoto hata uzee. Mahali panapobeba mzigo hujengwa, mahali pasipo na kazi hubomolewa. Ndiyo maana jino likisha kung'olewa, mfupa uliokuwa ukilibeba huanza kupungua, na mwaka wa kwanza hupungua upesi kuliko miaka inayofuata. Mzee aliyekaa muda mrefu bila meno, taya lake hubaki jembamba.

SUNGURA WA USWIDI

Mwaka 1952, katika mji wa Lund nchini Uswidi, daktari mmoja kwa jina Per-Ingvar Brånemark alitaka kuona jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa ulio hai. Akaweka katika mguu wa sungura kifaa kidogo cha kutazamia, chenye ganda la titani. Kazi ilipokwisha alitaka kukitoa akitumie tena. Hakikutoka. Mfupa ulikuwa umekua mpaka ukagusana na titani na kushikamana nayo.

Mwingine angekasirika kwa kupotewa na kifaa chake. Brånemark alijiuliza maana yake. Aliendelea na majaribio huko Gothenburg kwa miaka mingi kabla ya kumgusa mtu. Mwaka 1965 ndipo alipompandikizia mtu wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya. Mizizi ile ilimtumikia Larsson kwa miaka 40, mpaka alipofariki mwaka 2006. Hata hivyo madaktari wengi walikuwa na mashaka mpaka mkutano wa Toronto, Kanada, mwaka 1982, ambapo matokeo ya miaka mingi yaliwekwa wazi mbele ya wataalamu. Tangu hapo kazi hii ikaenea duniani.

Angalieni jambo hili: skrubu zile za kwanza hazikuwa na mpako wowote. Zilikuwa titani tupu. Lakini Brånemark alishika sana kanuni moja, kwamba zisibebe mzigo mapema. Zilifunikwa chini ya ufizi zikaachwa zitulie, miezi 3 katika taya la chini, miezi 6 katika taya la juu ambalo mfupa wake ni laini zaidi.

KAZI INAYOFANYIKA GIZANI

Katika miezi hiyo mfupa unafanya nini? Skrubu inapokazwa, tundu hujaa damu, na damu huganda. Protini za damu hutanda upesi juu ya skrubu. Kisha chembe hai hutambaa katika nyuzi za damu ile iliyoganda mpaka zikaifikia. Zinazojenga huanza kuweka mfupa mchanga, ulio kama ujenzi wa haraka haraka. Baadaye, kwa miezi, mfupa huo hupangwa upya tabaka kwa tabaka mpaka uwe imara.

Hapo pana jambo ambalo wengi hawalijui. Siku ya kwanza skrubu huwa imara kwa sababu imekazwa tu, kama skrubu iliyokazwa katika ubao. Lakini katika majuma ya kwanza chembe zinazobomoa huondoa mfupa ulioumizwa na kutobolewa, nao mfupa mpya bado haujakomaa. Basi kufikia juma la 3 au la 4 uimara wa skrubu hupungua kwanza kabla ya kuongezeka tena. Mgonjwa hasikii maumivu, hudhani amekwisha kupona, akatafuna mahindi ya kuchoma upande ule. Skrubu ikitikisika kupita kiasi, mwili hujenga nyuzi laini kama za kovu badala ya mfupa, na skrubu italegea.

Mkulima hahitaji kuelezwa zaidi. Kipande cha muhogo kilichopandwa leo, ukikichomoa kila asubuhi kutazama kama kimetoa mizizi, hakitashika kamwe.

MPAKO UNAFANYA NINI?

Sasa tuje kwenye mpako. Wataalamu walitaka kuufupisha muda ule wa hatari na kuusaidia mfupa kushika vizuri zaidi. Njia zao kubwa ni mbili, na fundi mwashi wa kijijini atazielewa zote.

Njia ya kwanza ni kuukwaruza uso wa skrubu. Fundi hapendi kupiga lipu juu ya ukuta laini. Huuparura kwanza ili lipu ishike. Vivyo hivyo skrubu hupigwa chembechembe kali kama mchanga, kisha huchovywa katika asidi, ikapata vishimo vidogo mno. Damu iliyoganda hushika vizuri katika vishimo hivyo, na chembe za kujenga hupata mahali pa kukaa. Hivyo mfupa huanza kujengwa juu ya skrubu yenyewe, badala ya kutambaa polepole kutoka kandoni tu. Skrubu nyingi za siku hizi hukwaruzwa kwa namna hii au kwa namna nyingine iliyo karibu nayo.

Njia ya pili ni kuipaka skrubu kitu kilicho ndugu wa mfupa. Hapa ndipo lile jina refu linaporudi. Unga wa haidroksiapatiti hupitishwa katika hewa yenye moto wa maelfu ya nyuzi, ukarushwa juu ya skrubu ukagandia, unene wake kama wa unywele. Mpako huo ukiwa ndani ya taya huyeyuka kidogo kidogo, ukatoa kalsiamu na fosfati katika majimaji yanayouzunguka. Madini hayo huganda tena juu yake, yakawa utando mpya unaofanana na madini ya mfupa wenyewe. Protini hukaa juu ya utando huo, na chembe za kujenga huufikia na kuanza kazi kama zilivyozoea. Ndiyo maana mpako wa namna hii husemwa kuwa una kazi ndani yake: haukai tu kama rangi, bali hupeana vitu na mwili.

Uko pia mpako wa kioo. Mwaka 1967 mtaalamu wa Marekani, Larry Hench, alikuwa safarini ndani ya basi, akazungumza na kanali mmoja wa jeshi aliyerudi kutoka vita vya Vietnam. Kanali aliwaona askari wengi wakikatwa mikono na miguu, akamwuliza kama aweza kutengeneza kitu ambacho mwili wa mtu hautakikataa. Mwaka 1969 Hench na wenzake katika Chuo Kikuu cha Florida walitengeneza kioo chenye silika, sodiamu, kalsiamu na fosforasi. Walikiweka katika mifupa ya panya, na baada ya majuma 6 kilikuwa kimeshikwa hata hakikuweza kusukumwa kikatoka. Kioo kile kilikuwa kimejivika utando wa madini kama ya mfupa, na mfupa ukakipokea. Lakini kioo ni kioo, hupasuka upesi. Kwa hiyo hakikuenea sana juu ya skrubu za meno. Unga wake hutumiwa zaidi kujazia mashimo katika mfupa.

Wala msidhani madini haya ni mambo ya ng'ambo tu. Katika Jimbo Katoliki la Nakuru, Kenya, mpango wa maji wa jimbo umefanya kazi ya kuchoma mifupa ya ng'ombe na kuitumia kuchujia maji yenye floraidi nyingi, ile inayofanya meno ya watoto kuwa ya kahawia. Kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha, nacho kimefanya utafiti na kazi ya namna hiyo hiyo. Mifupa iliyochomwa ni haidroksiapatiti, nayo hunasa floraidi iliyomo majini. Mnaona basi kwamba madini haya hupokea na kutoa hata baada ya ng'ombe kufa. Si ajabu chembe zilizo hai huyatambua.

MPAKO HAUWEZI NINI?

Sasa sikilizeni upande wa pili, ambao muuzaji hapendi kuutaja.

Kwanza, lipu hubanduka. Sisi wa pwani twaijua lipu inayobanduka kwa chumvi. Mpako wa haidroksiapatiti uliopakwa mnene nao umewahi kubanduka au kuyeyuka katika vinywa vya watu. Ndiyo maana watengenezaji wengi waligeukia titani iliyokwaruzwa au mipako myembamba zaidi.

Pili, uso uliokwaruzwa hushika mfupa, lakini hushika na uchafu pia. Ukibaki ndani ya mfupa, ni vyema. Ufizi ukishuka ukauacha wazi, vijidudu huota humo na ni vigumu kuviondoa. Ufizi huvimba, mfupa huliwa polepole, na mzizi wa bandia huanguka baada ya miaka. Jino la bandia halitoboki, lakini mfupa unaolishika waweza kuoza.

Tatu, mpako hauponyi tabia mbaya wala ugonjwa ulioachwa. Mvutaji wa sigara hupoteza mizizi ya bandia mara nyingi kuliko asiyevuta, kwa sababu sigara hupunguza damu katika ufizi na mfupa. Mgonjwa wa kisukari asiyetunza sukari yake hupona polepole na huvamiwa na vijidudu. Mwenye ugonjwa wa ufizi sharti atibiwe kwanza.

Nne, mpako waweza kuharakisha mwanzo, hasa mahali ambapo mfupa ni laini, kama nyuma katika taya la juu. Lakini kwa mtu mwenye afya na mfupa mzuri, mizizi yenye mpako haikuonekana kudumu miaka mingi kuliko titani iliyokwaruzwa vizuri. Basi mtu asiwalipishe fedha mara mbili kwa ajili ya jina la mpako tu.

Neno lenyewe ni hili: mpako hualika, lakini anayejenga ni mfupa. Na mfupa hujenga ukipewa mambo matatu, yaani utulivu, usafi na damu yenye afya.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Mwanenu akiwaambia amepata mtu wa kumpandikiza jino, mwulizeni haya:

1. Je, huyo ni daktari wa meno aliyesajiliwa? Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalosajili madaktari na madaktari wa meno. Kuuliza si kumtukana mtu. Fundi wa mtaani anayebandika meno kwa bei rahisi asiguse mfupa wa taya.

2. Je, amepigwa picha ya taya ili ijulikane kama mfupa unatosha? Ukiwa mwembamba, huenda ukahitaji kujazwa kwanza.

3. Je, ameulizwa habari za sukari, sigara na dawa anazotumia? Daktari asiyeuliza hayo ana haraka ya fedha.

4. Je, ameambiwa atangoje miezi mingapi, na katika miezi hiyo atavaa nini?

5. Je, nani atamtazama baadaye? Jino hili huhitaji kupigwa mswaki kila siku na kutazamwa na daktari miaka yote.

6. Je, ameelezwa njia zile nyingine mbili? Meno ya kuvaa si aibu, nayo hugharimu kidogo. Watu wengi hula nayo vizuri.

Kwa ushauri wa kwanza si lazima kuanzia kwenye gharama kubwa. Hospitali za rufaa za mkoa za Temeke na Mwananyamala zina huduma ya meno, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili ndicho chuo chetu kinachofundisha madaktari wa meno tangu zamani. Kijana na aanzie huko, aandikiwe hali yake, ndipo familia ikae na kuamua.

Na ikiwa aliyepoteza jino ni mtoto, msikubali apandikizwe. Taya la mtoto bado linakua, lakini skrubu haikui nalo. Itabaki chini meno mengine yakipanda. Kwa kawaida madaktari hungoja mpaka ukuaji uishe, yaani si kabla ya miaka 18 hivi.

MZIZI ULIO BORA

Hakuna skrubu iliyoushinda mzizi wa jino wenyewe. Kati ya mzizi na mfupa, Muumba ameweka nyuzi laini zinazolibeba jino kama kitanda cha kamba, ili lisigonge mfupa na ili tusikie tunachokitafuna. Skrubu haina nyuzi hizo. Hushikana na mfupa moja kwa moja.

Kwa hiyo jino la ukubwani likichomoka zima kwa kuanguka, msilitupe. Lishikeni upande wa kutafunia, msiguse mzizi. Likiwa na mchanga, lioshwe kidogo tu kwa maziwa au maji safi, bila kulisugua. Mtu akiwa na fahamu zake, lirudisheni mahali pake, aumie kitambaa safi, aende hospitali upesi. Likishindikana kurudi, litieni katika kikombe cha maziwa, wala si katika maji, mwende nalo. Nyuzi zile hufa zikikauka, na kila dakika ina thamani. Likirudishwa ndani ya nusu saa, kuna matumaini makubwa. Baada ya saa moja matumaini hupungua sana. Jino la utoto halirudishwi, maana laweza kuumiza jino linaloota chini yake. Mwalimu, katekista, mwenye bodaboda, kila mmoja ayajue haya. Kikombe cha maziwa kijijini hupatikana kwa urahisi kuliko titani ya mjini.

Tarehe 9 Februari ni siku ya Mtakatifu Apolonia, mfiadini wa Aleksandria nchini Misri, katika Afrika yetu hii. Mnamo mwaka 249 watesi walimpiga mpaka wakayavunja meno yake, asikane imani. Wakristu wa karne nyingi wamemwomba wakiumwa meno. Tumwombe nasi, na baada ya sala kila mtu, mkubwa kwa mdogo, ashike mswaki wake.